2,4 ya nini? Kisa cha mama aliyeletwa kutoka kwenye kampeni ya maombi, Lubumbashi

Kisa hiki, cha kosa la dawa lililokaribia kutokea, ni cha Lubumbashi, Kongo, mwishoni mwa kiangazi, ule wakati wa Oktoba ambapo joto limeshapanda na mvua bado inajivuta. Hospitali, kanisa na mgonjwa sitawataja, na mambo machache kumhusu mgonjwa nimeyasogeza ili asitambulike. Mengine ni kama yalivyo kwenye faili, na kama yalivyosimuliwa na waliokuwa zamu siku tulipokaa kwenye kamati ya dawa, mimi nikiwa upande wa famasi.

Kampeni ilikuwa ya siku tatu, mchana mahubiri na usiku kesha, kwenye uwanja wa wazi upande wa Ruashi. Watu walitoka kila komini ya mji, wengine walitoka Likasi, Kipushi na Kasumbalesa. Hospitali nayo ilijipanga. Vitanda viliongezwa kwenye chumba cha dharura, serumu, yaani chupa za maji ya mshipani, zikarundikwa hadi kwenye korido, mafuta ya jenereta yakanunuliwa mapema, na wauguzi wa wodi ya wazazi na ya watoto wakapangiwa zamu za kuwasaidia wenzao wa dharura. Ukiisoma orodha ile huoni pengo. Kila kitu kinachohesabika kilihesabiwa.

Mgonjwa wetu ni mama wa miaka sitini na kidogo, muuza unga sokoni, mwenye kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi. Dawa zake ni metformini, pamoja na glibenklamidi ya miligramu 5 asubuhi na jioni. Kwenye kampeni alifunga mfungo wa Esta: siku tatu, usiku na mchana, bila chakula wala maji.

Hapa inabidi nisimame kidogo. Tukizungumzia maombi na dawa, hadithi inayotujia haraka ni ya mgonjwa aliyetupa vidonge vyake kwa sababu nabii kamwambia amepona. Hadithi hiyo ipo, na wauguzi wanaohudumia wagonjwa wa kifafa na wanaoishi na virusi vya ukimwi wanaijua vizuri. Lakini mama huyu alikuwa mtu wa kutii. Kliniki ilimwambia asiruke kidonge hata siku moja, akatii. Mchungaji alimwambia asitie kitu kinywani kwa siku tatu, akatii pia. Vidonge vyake alivimeza kwa mate, asubuhi na jioni, kama alivyofundishwa. Tungekuwa na mgonjwa mkaidi zaidi, huenda tusingekuwa na kisa.

Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari ya damu, na haingoji kuuliza kama kuna chakula tumboni. Nguvu yake hufika saa 24, na mwili ukiishiwa maji, figo huchelewa kuitoa, kwa hiyo hukaa zaidi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaweka gliklazidi, dawa ya kundi hilohilo, mbele na kusema wazi kwamba glibenklamidi haiwafai waliovuka miaka 60. Lakini glibenklamidi ni ya bei nafuu na inapatikana kila depo ya dawa mjini, ndiyo maana wazee wetu wengi bado wanaimeza.

Usiku wa tatu alianguka. Waliokuwa karibu walidhani ameguswa na Roho, wakamfunika kitenge na kuendelea kuimba. Siwalaumu, kwenye kesha watu huanguka, na wengi huinuka wenyewe. Yeye hakuinuka. Mpwa wake alipomgusa alikuta ameloa jasho na anasema maneno yasiyoeleweka, wakambeba hadi hema la huduma ya kwanza.

Kwenye hema walikuwapo wauguzi wa kujitolea wa kanisa. Walimfanyia kipimo cha haraka cha malaria, mistari miwili ikatokea. Mtu kutoka uwanja wa ibada, ana fahamu pungufu, kipimo kinasema malaria: hesabu ikawa rahisi. Tatizo ni kwamba kipimo hiki husoma protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa, na kwa mtu mzima aliyezaliwa na kuzeekea huku, mistari miwili haithibitishi kwamba malaria ndiyo iliyomwangusha usiku huo. Kipima sukari hakikuwapo kwenye hema. Artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, haikuwapo pia. Palikuwa na kwinini, basi wakaweka kwinini, na kwa kuwa serumu ya glukozi ilikuwa imekwisha jioni ile, waliiweka kwenye serumu ya chumvi.

Anayefanya kazi na dawa ataelewa kwa nini sentensi hiyo ya mwisho ilitutia baridi. Kwinini nayo hulichochea kongosho kutoa insulini. Kushuka kwa sukari ni moja ya madhara yake yanayojulikana zaidi kwa mgonjwa wa malaria kali, na ndiyo sababu tunafundishwa kuidondosha polepole ndani ya glukozi 5%. Hii pia ni mojawapo ya sababu za kuachana nayo. Utafiti mkubwa wa AQUAMAT, uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Kongo yetu ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watoto 5,425 wenye malaria kali: waliopewa artesuneti walikufa 8.5 kwa mia, waliopewa kwinini 10.9 kwa mia, na sukari ilishuka mara chache zaidi kwa wale wa artesuneti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto pia, baada ya kuipendekeza kwa watu wazima tangu 2006. Miongozo ya nchi yetu imeshafuata. Masanduku ya huduma ya kwanza ndiyo hayajafuata.

Kwa hiyo mama yule alikuwa na dawa mbili mwilini zinazovuta upande mmoja, tumbo lisilo na kitu kwa siku ya tatu, na serumu isiyo na chembe ya sukari.

Alisafirishwa kwa taksi-busi, mpwa wake akiinua chupa ya serumu kwa mkono njia nzima. Hakuna karatasi iliyoandamana naye. Juu ya chupa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya biki: Q 1200. Ni hayo tu. Ukijua kwamba Q ni kwinini, na kwamba dozi yake ya kuanzia ni miligramu 20 kwa kila kilo, unaweza kukisia kwamba walimkadiria kilo 60. Saa ya kuanza haikuandikwa, wala kama alikuwa na kisukari. Alipofika mlangoni chupa ilikuwa nusu, na aliyempokea alisoma Q kama namba ya kitanda cha hemani. Serumu ikaachwa iendelee.

Sasa tufike kwenye namba iliyobeba kichwa cha habari.

Kipima sukari cha kawaida cha chumba cha dharura husoma kwa mg/dl (miligramu kwa desilita). Bandeleti zake, vile vijiti vya kuwekea tone la damu, zilikuwa zimeisha mchana wake, maana wagonjwa wa kuzimia walikuwa wengi na kila mmoja alipimwa, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Muuguzi wa zamu, aliyekuja kusaidia kutoka wodi ya watoto, alifungua sanduku la akiba akatoa kipima kingine, kipya, kilichonunuliwa upande wa Kasumbalesa pamoja na bandeleti zake. Mashine zinazouzwa kwa soko la Zambia husoma kwa mmol/l (milimoli kwa lita). Herufi hizo zimo kwenye kioo, pembeni, ndogo kama mguu wa sisimizi. Namba ndiyo kubwa: 2.4.

Muuguzi akaandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa: glisemi 2,4, yaani sukari ya damu. Hakuandika kipimo chochote mbele yake, si mg/dl wala mmol/l, kwa kuwa fishi yenyewe haina nafasi ya kipimo, na kwa kuwa kwenye mashine aliyoizoea hakuna anayeandika.

Daktari stajeri, yaani aliye bado mafunzoni, aliyeipokea fishi alisomea kwenye vitabu vya Kifaransa, ambako sukari ya damu huandikwa kwa gramu kwa lita. Mzima aliyefunga ana kama 0,70 hadi 1,00. Mwenye 2,4 amepanda mara mbili na zaidi. Wakati huohuo mpwa alikuwa ameshasema mama ana kisukari. Mgonjwa wa kisukari, amechanganyikiwa, 2,4: daktari aliandika insulini ya haraka, yuniti 10, haraka iwezekanavyo.

Namba ni ileile. Kwa mmol/l, 2,4 ni sawa na 43 mg/dl, yaani mtu anayeelekea kwenye degedege. Kwa g/l, 2,4 ni 240 mg/dl, mtu anayeweza kungoja asubuhi. Hakuna kosa la kusoma wala la kuandika. Wote wawili walisoma walichokiona. Hata alama ya desimali, ambayo kwa mashine ya mg/dl ingemshtua mtu kwa kuwa haipo kabisa, hapa ilizidi kumdanganya daktari, kwa sababu g/l pia ina desimali.

Kilichomwokoa mama kilikuwa kitu cha kuudhi: ufunguo. Insulini hospitalini hapo hukaa kwenye friji ya famasi, si kwenye kitoroli cha dharura, na usiku ufunguo unakaa kwa muuguzi mkuu wa zamu. Anayetaka insulini lazima aende kwake na fishi mkononi, na mtu wa pili asome dozi kabla haijavutwa kwenye bomba. Kwa miaka wauguzi wamelalamikia utaratibu huo, na usiku wa kampeni walilalamika zaidi. Palikuwa hata na pendekezo wiki iliyotangulia kwamba kwa siku tatu zile insulini ihamishiwe kitoroli ili kuokoa muda. Bahati nzuri aliyetakiwa kutia sahihi alikuwa safarini.

Muuguzi mkuu, mama ambaye kila mtu pale anamwita Mama Shefu, hakuisoma fishi kwanza. Alikwenda kitandani. Akaweka mkono kwenye paji la uso, akapeleka kiganja chini ya shingo, akakitoa kikiwa kimelowa, kisha akamgeukia stajeri:

"Dokta, huyu mama iko anatoka jasho ya baridi. Sukari ya kupanda haifanyaka vile."

"Lakini Mama Shefu, ona fishi, 2,4."

"2,4 ya nini?"

Wakaitafuta mashine. Walipoisoma wote wawili chini ya taa, daktari aliifuta insulini mwenyewe na kuomba glukozi 50%, mililita 50, polepole kwenye mshipa. Baada ya robo saa mama alikuwa akiuliza viatu vyake viko wapi.

Kwenye kamati kuna aliyesema: basi, kosa lilizuiwa, tufunge faili. Mimi nilipinga, kwa sababu kilichofuata ndicho kinachonisumbua zaidi. Alfajiri zamu ilibadilika. Anayetoka alikuwa amechoka, anayeingia alikuta watu hadi kwenye mikeka. Glukozi 10% iliyokuwa inadondoka iliisha, na muuguzi mpya, aliyesoma juu ya faili kwamba mgonjwa ni wa kisukari, aliweka serumu ya chumvi badala yake. Nani angempa sukari mgonjwa wa sukari? Muda si mrefu mama alirudi kule alikotoka: jasho, maneno ya kuruka, safari hii na mtikisiko wa mkono wa kushoto. Kipima kikaonyesha 2.1.

Sukari iliyoshuka kwa sababu ya glibenklamidi hairekebishwi kwa sindano moja. Unampandisha mgonjwa, na dawa iliyomo inamshusha tena, na wakati mwingine glukozi nyingi ya mara moja yenyewe hulichochea kongosho lililokwisha kusukumwa. Panapokuwa na oktreotidi hutumika kulizuia; sisi hatuna, kwa hiyo kazi yetu ni glukozi ya kudondosha bila kukatika, chakula akiweza kula, na kupima kila saa kwa siku nzima na zaidi. Ila ili ufanye hivyo ni lazima ujue kwamba ni glibenklamidi, na hadi wakati huo hakuna aliyejua. Kila mtu alijua ana kisukari, na hakuna aliyeuliza anakunywa nini.

Vidonge vilikuwa vimefungwa kwenye pembe ya kitenge chake, ndani ya kimfuko cha plastiki kisicho na jina, vyeupe vya aina mbili vimechanganyika. Ndivyo dawa zinavyouzwa kwenye depo nyingi: unahesabiwa, unatiliwa kwenye mfuko, unaondoka. Binti yake aliyebaki nyumbani Katuba alipigiwa simu, akapiga picha ya karatasi ya kliniki na kuituma kwa WhatsApp. Ilichukua dakika chache. Tangu hapo matibabu yalijua yanapambana na nini. Kwinini ilikuwa imeshasimamishwa, na kwa malaria, ambayo hatukutaka kuipuuza, alipewa artesuneti miligramu 2.4 kwa kilo: mwanzoni, baada ya saa 12, na baada ya saa 24.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya dunia ya usalama wa dawa, ikiwa na lengo la kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Mahali palipochaguliwa kuangaliwa zaidi ni patatu: hali za hatari, mgonjwa mwenye dawa nyingi, na mgonjwa anapohama kutoka mikono hadi mikono. Ukifuatilia njia ya mama yule kutoka uwanjani hadi hemani, hemani hadi taksi-busi, mlangoni hadi kitandani, zamu hadi zamu, utaona kwamba kila mara mtu na dawa walipita, na habari zao zikabaki nyuma. Wagonjwa kuwa wengi kulichangia, sikatai. Lakini usiku wa kawaida mpwa angepata mtu wa kumsikiliza, na bandeleti za mashine ya zamani zingekuwapo. Umati uliliondoa pazia tu; dirisha lilikuwa limevunjika siku zote.

Mjumbe mmoja alileta mfano wa Hija. Si mfano wa kuiga kwa mali, maana Makka wana hospitali za msimu kwa watu waliofika zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2024. Ila mwaka huohuo, kwenye joto kali, serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa mahujaji wasio na kibali. Wengi wa waliokufa hawakuwa na hati za kuwatambulisha, ikachukua siku kuwajua. Nikasema hilo ndilo la kwetu. Kwenye kampeni zetu hakuna hata mmoja aliyeandikishwa.

Na kuhusu kufunga, ndugu zetu Waislamu wametutangulia mbali. Utafiti wa EPIDIAR wa mwaka 2001, katika nchi 13 na watu zaidi ya elfu 12, ulionyesha kuwa karibu wanane kati ya kumi wenye kisukari cha aina ya pili walifunga Ramadhani angalau siku 15, na kwamba kushuka sana kwa sukari kuliongezeka mara kadhaa mwezi huo. Tangu hapo kuna miongozo: mgonjwa aonane na daktari wiki kadhaa kabla, dozi zipangwe upya, dawa kama glibenklamidi zibadilishwe, na ajue sukari ya ngapi inamlazimu kufuturu. Mfungo wa Esta hauna mwongozo wa namna hiyo, ingawa ni mkali zaidi. Hakuna saa ya kufuturu.

Yaliyobadilishwa hospitalini si mengi. Fishi ya dharura sasa imechapishwa kipimo mbele ya nafasi ya sukari, na mashine ya mmol/l imerudishwa stoo. Nilitaka iuzwe kabisa. Uongozi unasema bandeleti zikiisha tena tutaililia. Mabishano hayo hayajaisha. Sanduku la akiba lilifunguliwa lote tukakuta, bila kutafuta, ampuli za potasiamu kloridi za mililita 10 zimelala chumba kimoja na maji ya sindano ya mililita 10, plastiki ileile na karibu umbo lilelile. Potasiamu ile ikipigwa moja kwa moja kwenye mshipa husimamisha moyo. Imetolewa kwenye masanduku yote na kufungiwa pamoja na insulini, na hapo hakuna aliyebisha.

Na kanisa tulizungumza nalo. Walikubali haraka karatasi ya kuandamana na kila mgonjwa anayetoka hemani: amepewa nini, kiasi gani, saa ngapi, kwenye serumu gani, na nyumbani anakunywa nini. Walikubali kipima sukari hemani na artesuneti badala ya kwinini. Kwenye tangazo la madhabahuni walisita. Tuliomba kabla ya kila mfungo wasemwe wenye kisukari, wajawazito na wanaokunywa dawa za kila siku, waende kliniki kwanza. Mzee mmoja wa kanisa aliona ni kama kuwaambia watu wasiamini. Mwisho walikubaliana liandikwe kwenye kikaratasi cha ratiba. Mimi naona halitoshi, kwa sababu mama yetu hakuwa na ratiba. Alikuwa na masikio.

Mama mwenyewe alitoka siku ya tano, mkono umerudi sawa. Glibenklamidi imeondolewa. Amebaki na metformini kwanza, na gliklazidi ya dozi ndogo itaongezwa ikihitajika baada ya kuangalia figo. Karatasi ya dawa zake amefungiwa kwenye plastiki pamoja na kitambulisho cha mpiga kura. Kabla ya kuondoka alimuuliza daktari kama anaweza kufunga tena mwisho wa mwaka. Daktari alimjibu kwamba mchana mmoja, akiwa anakunywa maji, na akija kupimwa wiki moja kabla, watazungumza. Siku tatu kavu, hapana. Mama akasema ataenda kumwambia mchungaji, na akaomba jibu hilo aandikiwe.